Kiokote bin Nani

Mzee Mwinjuma alitoka Tumbi kwa miguu mpaka Soga, jua likimchoma utosini, lakini alipoletewa maji hakuyapokea. Mwanahalima akabaki amepiga goti mbele ya baba yake, kata mkononi, mwanawe Abeid amemng'ang'ania upindo wa kanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Weka hayo maji chini. Mumeo yuko wapi?"

"Yuko relini. Genge lao leo linafanya kazi upande wa Ruvu. Baba, kuna msiba?"

"Msiba ni mimi."

Alikataa kiti, akakalia gogo la nje kama mpita njia aliyeomba kupumzika. Mkwe wa Mwanahalima, Bibi Sikudhani, aliyekuwa anapepeta mchele uani, alisikia sauti ile akaacha ungo. Hakutoka. Alikuwa mama wa Zahoro, mume wa Mwanahalima, naye alijua kwamba baba wa mke anayekataa maji hajaja kusalimia.

"Juzi nilikuwa Mlandizi kwenye hitima," alisema Mzee Mwinjuma. "Masinia yamewekwa, watu wamekaa. Shomari, yule muuza ng'ombe, akaniuliza mbele ya watu wote: 'Mzee Mwinjuma, huyu mkweo Zahoro Kiokote, huyo Kiokote ni bin nani?' Nikafungua mdomo. Mwanangu, nilifungua mdomo kama samaki. Sina la kusema! Mwenzangu mmoja akacheka, akasema Kiokote si jina, ni habari. Kitu kimeokotwa. Njia hii ya misafara ya watumwa, wangapi waliangushwa wakaokotwa? Basi yule tuliyekaa naye sinia moja akajisogeza pembeni. Pole pole, kwa adabu. Afadhali angenipiga."

"Lakini baba, Zahoro alipokuja kuposa hukumuuliza?"

"Nilimuuliza kama anaswali na kama ana kazi. Kosa langu."

Serikali ilikwisha kutangaza miaka mingi nyuma kwamba katika nchi hii hakuna tena bwana wala mtumwa. Lakini serikali haikuwa ikikaa kwenye sinia la hitima, wala haikuwa na binti wa kuoza. Katika vijiji vile mtu aliulizwa baba yake, na baba wa baba yake, na asiyeweza kuwataja aliachiwa nafasi pana kuliko aliyoitaka.

"Kabla ya mfungo nitarudi na Mwalimu Husseini," alisema Mzee Mwinjuma akisimama. "Nataka mtu mzima aliyeona kwa macho yake, aseme mbele yetu kwamba Kiokote ni bin fulani, muungwana. Akipatikana, nitakula wali wako na nitamwomba mumeo radhi. Asipopatikana, nitarudisha mahari na wewe utafunga mzigo wako. Hamkuwa kufu, asili zenu hazilingani. Ndoa haikukaa sawa tangu mwanzo."

"Na mtoto?"

Mzee alimtazama Abeid, ambaye alikuwa ametumbukiza mkono mzima ndani ya kata ya maji. Alikuwa akimpenda. Miezi michache nyuma alimbeba mabegani kutoka hapa mpaka stesheni akimwonyesha treni.

"Mtoto ana kwao," alisema. "Kama kwao kupo."

Zahoro alirudi jioni, kucha zimejaa mafuta meusi ya reli. Aliambiwa yote huku ananawa, na kwanza alicheka.

"Mimi? Nimeokotwa wapi? Mama si huyu hapa!"

"Si wewe," alisema Bibi Sikudhani. "Baba yako."

Hapo akaacha kucheka. Baba yake alikuja Soga wakati Wajerumani wanalaza reli, akaoa, akazaa, akafa. Jina lake lilikuwa Kiokote, basi. Aliitwa hivyo na mnyapara, akaitwa hivyo na wenzake, akazikwa kwa jina hilo hilo. Zahoro alilivaa nyuma ya jina lake bila kulitazama, kama mtu anavyovaa shati aliloachiwa.

"Mama, hukumuuliza hata siku moja?"

"Nilimuuliza tukiwa wageni katika ndoa. Akasema, 'Nikitajiwa baba yangu nitakufa.' Nikadhani ananitania. Nilipomuuliza tena alikasirika, nikaacha. Wewe umemwona mtu akila chakula chako na kulea watoto wako, utamwambia nini tena? Haya, nimwambie taja baba yako ndiyo nikupakulie?" Bibi Sikudhani alijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Lakini kila mavuno alikuwa akijaza pakacha la mchele mpya, anaupeleka Kisarawe kwa mwanamke mmoja. Mimi mwanzo nilidhani ni mke mwenza! Nikamfuata. Nikakuta ni mwanamke aliyemzidi umri, anamwita dada. Mwanamkuu, jina lake. Alipokufa baba yako, pakacha likakatika. Hatukupeleka tena."

"Yu hai?"

"Nitajuaje?"

Zahoro hakuweza kwenda. Mnyapara wake alimfukuza kazi mtu aliyekwenda kumzika mjomba wake, sembuse aliyekwenda kutafuta jina. Bibi Sikudhani magoti yake hayakupanda vilima. Basi asubuhi iliyofuata Mwanahalima alijaza pakacha la mchele, akamfunga Abeid mgongoni, akapanda treni mpaka Pugu, na kutoka Pugu akapandisha kilima kwa miguu. Njia nzima alikuwa akisemesha mtoto, kwa sababu mama mwenye hofu husema na mtoto wake mambo asiyoweza kumwambia mtu mzima. "Tukimpata bibi, babu atarudi. Utalibeba pakacha wewe? Haya, basi, nitabeba mimi."

Kisarawe palikuwa na maofisi na watu waliovaa viatu, lakini wanawake wa kisimani walimjua Bi Mwanamkuu. "Nyumba yenye mwali," walisema. "Utasikia kinu."

Kinu alikisikia kweli. Aliyekuwa akitwanga alikuwa ndani, katika chumba kisicho na dirisha, na mlangoni alikaa mwanamke mzee, mweusi, mwembamba, anasuka ukili. Mwanahalima aliweka pakacha chini kabla hata ya kupiga hodi. Yule mzee akalitazama pakacha, akautazama mchele, mikono yake ikasimama.

"Nani ametuma huu?"

"Shikamoo, bibi. Mimi ni mke wa Zahoro. Zahoro wa Kiokote."

Bi Mwanamkuu hakusema marahaba upesi. Alichota konzi ya mchele akainusa, akafumba macho.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilijua amekufa. Mavuno ya kwanza hakuja, nikasema anaumwa. Ya pili, nikasema amekufa. Karibu ndani. Siwema! Acha kinu, tuna mgeni."

Siwema alikuwa mjukuu wake, binti aliyewekwa ndani kungoja arusi. Hakuwa ameona jua kwa miezi, na ngozi yake ilikuwa imeng'aa kama ya mtu aliyetoka kuoga. Alimnyang'anya Mwanahalima mtoto bila kuomba.

"Mgeni, umekuja kwa treni? Inatetemeka? Mimi bwana wangu ameahidi kunipandisha. Baba yake ni mwalimu wa chuo, ana wanafunzi mpaka nje uani. Walimu wote wa huku wanajuana, watakuja kwenye arusi yangu kutoka kila upande, bibi anaogopa wali hautatosha!" Akamkalisha Abeid kwenye paja. "Na huyu bwana mdogo hajui kusalimia? Sema shikamoo. Shi-ka-moo."

Abeid akamvuta pua.

"Haya, nitakufundisha. Sitoki humu, nina kazi gani?"

Wakamwacha na mtoto chumbani. Uani, nyuma ya nyumba, Mwanahalima alieleza habari ya baba yake, ya sinia la hitima, na ya mfungo unaokaribia. Bi Mwanamkuu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kiokote bin Mwinyimadi," alisema.

Mwanahalima alijishika kifua.

"Mwinyimadi alikuwa na mashamba kule bondeni, muungwana, na mkewe muungwana. Kila mtoto wanayemzaa anakufa. Wanne walizikwa. Wa tano alipozaliwa, mama yake alimviringisha katika kipande cha jamvi kuukuu, alfajiri akaenda kumweka jaani, juu ya majivu na maganda. Akaondoka bila kugeuka. Ndivyo ilivyokuwa inafanywa zamani, mwenye kufiwa na watoto anamtupa huyu ili mauti yaone hana maana, yapite. Lakini lazima awepo mwenye kumwokota. Naye aje kama aliyepita tu, na ufagio wake, aseme, 'Nani katupa hiki? Basi ni changu.'"

"Na aliyemwokota ni nani?"

"Mama yangu. Swaumu."

Kutoka ndani walisikia sauti ya Siwema: "Shi-ka-moo. Hapana, si mamu. Moo!"

"Nilikuwa msichana mdogo, lakini niliona. Nilikuwa nimeshika upindo wake. Alimleta kwenye kibanda chetu, na yule mama mwenyewe kila siku anakuja, anasimama mlangoni, anapiga hodi: 'Swaumu, naomba nimnyonyeshe mwanao.' Anaomba! Mama yangu anamwambia, 'Ngoja, amelala.' Anangoja. Mpaka mtoto akatembea, ndipo wakaja kumkomboa kwa kaniki moja mpya. Lakini jina la baba yake hawakulitaja mbele yake, waliogopa lisije likasikika na mauti. Walisema wataliweka wazi akibaleghe. Ndui ikaja, ikawachukua wote wawili, yeye bado mtoto. Wakaacha wamelificha. Mimi nilimwambia alipokuwa mtu mzima. Akanikataza nisilirudie. Alikuwa anaogopa, kaka yangu yule. Amekuwa na ndevu na bado anaogopa."

"Bibi," alisema Mwanahalima, na machozi ya furaha yalikuwa yameshaanza, "kwa nini ilikuwa mama yako? Kwa nini si jirani mwingine?"

Bi Mwanamkuu aliuchukua ukili wake, akauweka tena.

"Kwa sababu mauti hayatamani mtoto wa mjakazi. Ndivyo walivyoamini. Walikwenda kwa mtu wa chini kuliko wote waliomjua."

Mwanahalima alielewa pole pole, kama mtu anayesikia baridi ikipanda kutoka miguuni.

"Wanaomwoa Siwema wanajua?"

"Nilihamia mtaa huu baada ya vita. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema." "Lakini nitakuja. Kesho asubuhi tutashuka pamoja. Kiokote aliniletea mchele miaka yote hiyo wala hakudaiwa. Mama yangu alipokuwa anakufa aliniambia, 'Mtazame yule, nilimwokota mimi.' Baba yako akiniuliza nitasema. Na akiniuliza mama yangu alikuwa nani, nitasema pia. Sitaweza kusema nusu."

Usiku Mwanahalima alilala mkeka mmoja na Siwema, Abeid katikati. Siwema alimwuliza kuhusu uchungu wa kuzaa, kama ni kweli mtu anasahau. Mwanahalima akamwambia ni kweli. Siwema akacheka gizani, akasema, "Basi nitazaa wengi," akalala na mkono wa mtoto kiganjani mwake.

Asubuhi Bi Mwanamkuu alikuwa tayari mlangoni, amejitanda, fimbo mkononi. Mwanahalima alimfunga Abeid mgongoni, akampigia magoti.

"Kaa, bibi."

"Nani atasema, mjukuu wangu?"

"Sijui. Lakini wewe kaa. Mpikie Siwema wali wa arusi kwa mchele huu."

Bi Mwanamkuu alibishana, kidogo, kwa sauti ya mtu anayeomba asishinde. Kisha akaingia ndani akatoka na kitambaa cheusi kilichokunjwa, mikunjo yake imefifia kuwa rangi ya vumbi. "Ndiyo ile kaniki. Mama hakuivaa. Alisema hakuuza mtu. Chukua, ni ya mjukuu wa Kiokote."

Zahoro alisimuliwa kando ya reli, wakati wenzake wanakula. Alipolisikia jina la babu yake alilirudia mara kadhaa kwa sauti ya chini. "Mwinyimadi. Zahoro wa Kiokote wa Mwinyimadi." Alitabasamu kama mtoto aliyepewa nguo ya sikukuu. Kisha akasikia na yaliyobaki.

Alikaa juu ya taruma la reli.

"Tungeweza kusema jina tu," alisema. "Bila kumtaja shahidi."

"Baba atauliza nani kakwambia. Nikitaja Kisarawe, atakwenda Kisarawe, na arusi ya Siwema itavunjika. Unamjua."

"Namjua." Aliokota kokoto, akaitupa. "Mwanahalima, utaondoka?"

"Umeniona nafunga mzigo?"

"Nakuuliza."

"Siondoki. Lakini baba yangu ataondoka." Akalia hapo hapo, mbele ya genge zima, naye Zahoro hakujali kuonwa, akamfuta machozi kwa mikono yake yenye mafuta, akamwachia michirizi meusi mashavuni.

Siku tatu kabla ya mwezi kuandama, walikuja. Mzee Mwinjuma alitembea mbele, Mwalimu Husseini nyuma, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwanahalima alikuwa amepika wali wa nazi na kuku, harufu imejaa nyumba nzima. Sinia liliwekwa katikati likafunikwa kawa. Hakuna aliyelifunua.

"Tusikawie," alisema Mwalimu Husseini kwa upole. "Mimi kesho nina arusi Kisarawe, mwenzangu tuliyesoma naye anamwoza mwanawe. Amepata mke mwema, mjukuu wa mama mmoja mcha Mungu, watu wa asili njema wasio na makuu. Mungu atupe sote mfano wao. Haya, binti yangu. Mmempata mtu?"

Mwanahalima alikuwa ameinamisha macho. Aliona mikono ya Siwema, aliona kiza cha chumba kile. Kesho Siwema angetoka nje.

"Sikupata mtu, mwalimu."

"Umetafuta kweli? Kama kuna mahali, tutakwenda sisi wenyewe. Tutauliza kwa adabu."

"Nimetafuta. Sikupata."

Bibi Sikudhani, nyuma ya mlango, alijiziba mdomo kwa kanga. Zahoro alitazama mkeka. Mzee Mwinjuma alitikisa kichwa pole pole, na kwa dakika moja alionekana mtu aliyekuwa ametembea njia yote ile akitumaini kula. Alitoa kitambaa kifuani, akakifungua, akaziweka shilingi za mahari mbele ya Zahoro.

"Chukua haki yako. Nipe mwanangu."

Zahoro hakunyoosha mkono. Abeid ndiye aliyetambaa, akaokota shilingi moja, akaitia mdomoni, na Mwanahalima akaitoa. Akaipangusa kwenye kanga yake. Akazikusanya zote, akazirudisha katika kile kitambaa, akakifunga fundo, akakiweka miguuni pa baba yake.

"Baba, nimekaa hapa kwa ridhaa yangu. Naomba unisamehe."

"Umechagua mtu asiye na baba?"

"Nimechagua baba wa mwanangu."

Mwalimu Husseini alianza kusema jambo kuhusu subira, lakini Mzee Mwinjuma alikuwa amekwisha kusimama. Mwanahalima naye akasimama. Ilikuwa desturi kumsindikiza mgeni, sembuse mzazi. Alimweka Abeid mgongoni, na nguo iliyokuwa karibu ilikuwa ile kaniki. Aliifunga kifuani mafundo mawili.

Mzee aliitazama.

"Ndiyo mavazi yako sasa? Kaniki, kama mjakazi?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa mgongoni pake, limefungwa ndani ya nguo yenyewe, na alihitaji kusema maneno machache tu. Mwanahalima alikaza fundo.

"Inambeba vizuri, baba," alisema.

Akawasindikiza mpaka mwisho wa shamba la mihogo, nyuma yao hatua kadhaa. Hapo akapiga goti kwenye vumbi.

"Shikamoo, baba."

Mzee Mwinjuma hakugeuka. Mwalimu Husseini ndiye aliyegeuka, akafungua mdomo, kisha akaona si yeye aliyesalimiwa.

Ndipo Abeid, ambaye tangu Kisarawe alikuwa kimya na neno lake, alichomoza kichwa juu ya bega la mama yake akamwona babu wa mabegani, babu wa treni, anakwenda.

"Kamoo!" alipiga kelele. "Kamoo!"

Fimbo ya mzee ilisimama. Ilikaa hewani. Kisha ikashuka chini, ikaendelea, na kanzu mbili zikapotea nyuma ya mihogo.

Mtoto alingoja. Siwema alikuwa amemfundisha kwamba neno lile hujibiwa, kila mara alipolisema vizuri alijibiwa na kubusiwa. Akalisema tena, safari hii kwa sauti ndogo, ya mashaka. Mwanahalima aliinuka, akajipangusa vumbi magotini, akaupeleka mkono nyuma akashika mguu wa mwanawe.

"Marahaba," alimwitikia. "Marahaba, mwanangu."